Nyumba ya Gervas, Nyakitonto

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi Kibondo sikupewa hata kiti. Msimamizi wa kituo, mtu mfupi aliyeletwa kutoka Tanga na asiyeipenda kabisa baridi yetu, aliniuliza swali moja tu. "Kijana, nani analipa kodi ya mapato Tanzania?"

"Mtanzania," nikajibu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kodi haiulizi pasipoti. Inauliza unaishi wapi. Kalisome hilo kabla hujashika kalamu yangu."

Nikalisoma. Vijana wanaokimbilia Uarabuni siku hizi hawalijui, kwa hiyo nitawaeleza. Sheria inawagawa watu mafungu mawili, mkaazi na asiye mkaazi. Mkaazi hutozwa kwa mapato yake yote, hata aliyoyachuma ng'ambo. Kama kule alikwishakatwa, hupunguziwa hapa. Asiye mkaazi hutozwa kwa kile kinachotoka nchini tu, kama pango la fremu zake za maduka mjini. Wala si lazima mkaazi akae mwaka mzima. Mwenye makazi ya kudumu hapa, akija hata kula Krismasi tu, ni mkaazi wa mwaka huo. Kifungu hicho kilinisumbua kuliko vyote.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, chini ya Meneja mmoja mwanamama, aliyeijua sheria kama Mkristo anavyoijua Baba Yetu. Huko ndiko alikokuja, Disemba moja, Gervas wa Nyakitonto, fundi wa viyoyozi Omani, ambako mshahara wake haukatwi kodi. Alikuja mwenyewe, kiungwana, kulipa kodi ya pango la fremu zake. Meneja akamuuliza kama ana nyumba.

"Ipo, lakini ni ya mama," akasema.

"Tutakwenda kuiona."

Tukaenda. Ilikuwa nyumba ya bati jekundu, sakafu ya vigae. Mama yake, Bi Anastazia, alikaa pembeni katika kijumba chake cha zamani cha udongo. Kila asubuhi alifungua madirisha ya nyumba kubwa, akafagia, akatandika kitanda asicholalia. Kwetu nyumba ya mtoto aliye mbali haiachwi imefungwa, maana majirani watasema mwenyewe kapotea. Na majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani, mwenyekiti wa kitongoji akiwa mbele yao. Gervas alikuwa amemfundisha mama yake la kusema.

"Mama, nyumba hii ni ya nani?" Meneja akauliza.

Bi Anastazia akamtazama mwanawe, kisha akawatazama majirani. "Ni ya Gervas. Mimi nakaa kule. Mwanangu akose kwao mbele ya watu wote hawa?"

Gervas akainamisha kichwa. Meneja naye hakufurahi. Alimweleza taratibu kwamba mshahara wake wa Omani wa mwaka ule ungetozwa hapa, kwa kuwa ana makazi na amekuja.

"Na nisipokuja?"

"Usipokanyaga nchini mwaka mzima, si mkaazi."

Alilipa bila ugomvi, akaondoka. Disemba iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata, wala nyingine baada ya hapo.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu Kagerankanda. Huwa naulizwa kama sheria ile ni mbaya. Sioni ubaya wake, barabara hazijengwi kwa salamu. Lakini majuzi nilipita Nyakitonto kutafuta maharage, nikaikuta ile nyumba madirisha wazi, uani pamefagiwa. Iliniuma. Bi Anastazia, ambaye macho yake yamefifia, alinitambua kwa sauti nilipobisha hodi, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, bwana kodi. Sheria yenu bado ile ile?"

"Bado ile ile, mama."

Akauliza kama mwenyekiti anaweza kuitwa, na majirani wote, kama siku ile.

"Unataka nini nao, mama?"

"Waje wasikie. Andikeni nyumba ni yangu," akasema. "Gervas aje kama mgeni."