Silinda Tatu Zilizopotea Njiani Somanga

"Silinda zangu tatu zinakwenda wapi nikikaribia Somanga?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya Kilwa Masoko, kabla sijamaliza kukunja mikono ya ovaroli niliyopewa, ambayo ilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye tumbo. Aliyeuliza ni Mzee Mkwanda, mwenye gari la kukodisha kwa maharusi. Nilikuwa na shahada ya uhandisi mitambo, na Somanga haikuwamo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akabaki amesimama akisubiri silinda zake.

Nawaandikia ninyi mnaoanza ufundi sasa. Najua mtamcheka mstaafu mwenye umri wa miaka thelathini na tatu, lakini mgongo wangu ulistaafu mapema, nami nikaufuata.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la silinda sita. Fundi Mkuu, bosi wangu wa kwanza, aliniagiza nitoe plagi, vile vidude vinavyopiga cheche ndani ya silinda. Tatu zilitoka safi. Tatu zilitoka nyeusi, zimelowa oili. Mzee Mkwanda akazitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hizi tatu hazijafanya kazi. Nani amefungua injini yangu?"

Nikamweleza kwamba silinda ni tundu tu ndani ya chuma, na sijawahi kusikia mtu aliyeiba matundu.

"Ndiyo maana umeweza," akasema. "Nani angekupekua?"

Kufikia adhuhuri soko zima lilijua kuwa binti wa chuo kikuu amechukua silinda tatu za mzee wa watu. Muuza mihogo akaniuliza kama naziuza.

Shida ilikuwa hii. Gari lilikwenda vizuri mpaka Nangurukuru. Likishika lami iliyonyooka kuelekea Somanga, lilianza kutetemeka. Mwezi uliotangulia, somo wa bibi harusi mmoja, yaani kungwi wake, alikuwa akimalizia ua la piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kiganjani mwa mwari wake humo humo garini, ua likatokea kama mkorosho ulioangushwa na tembo. Wanawake wakaanza kulikataa gari. Jumamosi ile kulikuwa na harusi nyingine ya kupeleka Somanga. Likitetemeka tena, Mzee Mkwanda alisema, biashara yake imekwisha, naye atakwenda polisi kuripoti wizi.

Fundi Mkuu alinivuta pembeni. "Akienda polisi, binti, mimi sikujui. Wewe umekuja leo."

Mimi huwa siamini kitu mpaka nikifungue, kwa hiyo nilisoma, nikapima, nikauliza kila mtu hadi wakanikimbia. Jibu nililipata. Gari lile lilikuwa na mfumo wa kupumzisha silinda. Injini ikishapata joto na gari likienda mwendo mmoja bila kazi nzito, kompyuta yake hufunga vali, yaani milango ya hewa, za silinda tatu ili kuokoa petroli. Tatu zinazobaki zinavuta peke yake, na gari linatetemeka. Zile zilizolala zinapandwa na oili, plagi zake zinachafuka.

Mzee Mkwanda alisikiliza kwa makini. "Kwa hiyo nimenunua sita, tatu zinafanya kazi na tatu zimelala?"

"Kama ofisi yoyote, mzee," Fundi Mkuu akasema.

Kulikuwa na njia za kuuzima mfumo ule. Dar es Salaam alikuwapo mtaalamu wa kuandika upya kompyuta ya gari. Mzee Mkwanda aliposikia bei yake aliomba kiti. Kulikuwa na kifaa cha kuagiza ng'ambo, ambacho kingefika bibi harusi akiwa na mtoto wa kutembea. Mimi nikapendekeza rezista.

Rezista ni kipande kidogo kinachopunguza nguvu ya umeme kwenye waya. Kompyuta hujua joto la maji ya injini kupitia sensa, yaani kipima joto chake, na ukinzani wa sensa hiyo kwa umeme hushuka kadiri maji yanavyopata joto. Ukiunga rezista kwenye waya wa sensa, ukinzani unaongezeka, na kompyuta inaamini maji bado ni vuguvugu. Injini ya vuguvugu haipumzishi silinda. Lakini angalieni: ukiweka rezista kubwa mno, feni ya rejeta, ile inayopoza maji, inachelewa kuamka, na mtaua injini ya mtu kwa sababu ya ubahili.

"Kwa hiyo tunaidanganya," Mzee Mkwanda akasema.

"Kidogo tu, mzee."

"Gari la harusi." Akamgeukia Fundi Mkuu. "Kuiambia mashine uongo kuna hukumu gani?"

"Muulize shehe. Mimi ni wa injini."

Hapo sharti niwaeleze tabia moja ya Fundi Mkuu. Gari lolote lililoingia kwake, hata kama limekuja kubadilishiwa taa, alilitoa thamostati. Thamostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Yeye alisema huku pwani thamostati ni blanketi tu. Alikuwa na debe zima la thamostati, akilitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nilimsihi gari hili la Mzee Mkwanda asiliguse, kwa sababu injini inahitaji joto lake. Akanijibu, "Sawa, mhandisi," kwa sauti ya kumkubalia mtoto asiyetaka kulala.

Nikaenda sokoni kwa Mama Sharifa, fundi redio, akaninyofolea rezista kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichinja. Niliporudi, sakafu chini ya gari ilikuwa imelowa. Fundi Mkuu alisema ameongeza maji. Nikaunga rezista yangu, nikaifunga kwa tepu nyeusi.

Jumamosi Mzee Mkwanda aliniamuru nipande nao. Silinda zikipotea, alisema, nitashuka zilipopotelea. Nyuma alikaa bibi harusi na somo wake, aliyefungua piko yake makusudi kabisa, kama mtu anayetayarisha ushahidi.

Tulipopita Nangurukuru, Mzee Mkwanda akaanza kuchezesha midomo bila sauti. Nilijua ananilaani. Lami ikanyooka. Mimi nikakaza meno.

"Bado linatetemeka," somo akasema.

Mzee akapunguza mwendo. Nikageuka, nikaweka mkono kwenye kiti cha nyuma. Kilikuwa kimetulia.

"Si gari, bibi," nikasema. "Ni bibi harusi."

Somo akamshika mwari wake bega, akanong'ona naye kitambo, na kutetemeka kukaisha. Tuliingia Somanga kwa vigelegele, na ua la piko lilikuwa na kila jani mahali pake. Mzee Mkwanda alitangaza mbele ya wakwe kwamba binti amezirudisha.

Baada ya hapo nilihamishiwa tawi la gereji yetu huko Somanga, kisha Likawage, ambako Msimamizi wa huko aliamini mashine ya kupulizia mikorosho dawa inaharibika kwa sababu inaogopa wanawake. Kote huko jina langu lilikuwa Mama Rezista. Mgongo uliponikatalia, nilikwenda Lindi kufundisha ufundi, na rezista yangu ikawa somo langu la kwanza kila mwaka.

Mwaka jana Mzee Mkwanda alipita chuoni na gari lile lile. Nikawakusanya wanafunzi, nikafungua boneti kwa mbwembwe. Waya wa sensa ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja, kwa tepu nyekundu.

"Nilikitoa kile kipande chako asubuhi ya harusi," mzee akasema. "Nisingempeleka mtoto wa watu kwenye ndoa na uongo chini ya boneti. Nikamwomba Mungu njia nzima kutoka Nangurukuru. Hukuniona?"

Wanafunzi wakaniuliza kwa nini basi halikutetemeka. Nikachukua spana, nikafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu. Maji ya injini ile hayakuwahi kupita uvuguvugu tangu siku niliyokwenda sokoni kutafuta rezista, nikamwacha Fundi Mkuu peke yake na gari.