Mashine ya Nairobi Haikukosea, Ni Chupa Yangu

Hapana, Mama, usiniambie tena eti mashine ya Nairobi haiwezi kupotezwa na chupa. Mashine haikukosea! Mimi ndiye nilikosea, na mwenye anangoja kitanzi si mimi.

Mama anasema niache. Anasema hata kama chupa ilikuwa chafu, ile mashine imetengenezwa na wazungu, ingejua tu. Nimemwambia mashine haijui chupa. Inajua kile kimetiwa ndani. Hataki kusikia. Basi nawaambia nyinyi msionijua.

Nilimaliza Fomu Foo, nikapata kazi ya kusaidia kwa dispensari moja huku Lambwe. Nafagia, naosha vyombo, nashika taa daktari akishona mtu. Shuleni kemia nilikuwa napita, na kichwa kilikuwa kimevimba kidogo, nakubali.

Ijumaa moja jioni wakaleta Ouma kwa mkokoteni wa ng'ombe. Anatapika, anahara, macho yameingia ndani. Huyu Ouma alikuwa anataka kumrithi mjane wa ndugu yake, mama mmoja tunamwita Nyar Kisegi kwa sababu alizaliwa kule Kisegi. Mjane alikataa, ameokoka. Lakini shemeji akija kwako mchana, utamnyima chakula? Alimpikia kuon, ndio ugali, na omena, vile visamaki vya ziwani. Ouma akala, akaenda zake. Jioni ndio hivyo.

Alikufa nikimshika kichwa.

Ndugu zake walikuwa mlangoni wanapiga kelele. "Amemlisha sumu! Huyo mwanamke!" Askari akasema matapishi yatiwe kwa chupa, yapelekwe maabara Nairobi. Daktari akanipa chupa ya kioo iliyotoka huko huko, safi kabisa. "Usiguse ndani," akasema, "na usitumie ingine yoyote." Kisha akaondoka na askari kwenda kuandikisha kifo.

Chupa ikaniponyoka. Ikavunjika!

Zingine zilikuwa stoo na ufunguo alienda nao daktari. Ningengoja. Ni kungoja tu, jameni! Lakini jua linazama, sisi ni Waadventista, Sabato inaingia, Mama hapendi imkute mtu bado yuko kazini. Na mimi kungoja sijui. Hata uji sijui kuungoja upoe.

Kulikuwa na chupa yangu pale. Ilikuwa ya dawa ya kupe, ile baba anaoshea ng'ombe. Nilikuwa nimeisugua na sabuni ya unga na mchanga, nitilie mafuta ya taa. Nikanusa. Haina harufu. Nikatia matapishi, nikafunga, nikakimbia nyumbani kuimba.

Majibu yalikawia sana, mpaka nikasahau. Yalipokuja, yakasema matapishi yana dawa ya kupe. Na kwa Nyar Kisegi askari walikuwa wameokota dawa ya kupe. Kwani nani hana? Kila boma yenye ng'ombe Lambwe iko nayo! Wakamshika. Vijana wakabomoa nyumba yake, wakakata hata migomba. Msichana wake mkubwa akaacha shule, sasa yuko Awendo anapikia wakata miwa. Yule mdogo bado ananyonya, akaingia rimandi na mama yake.

Na mimi je? Aki ya Mungu, sikushtuka. Mimi pia nilimlaani! Nilisema pale kisimani, watu wakisikia, "Huyo sasa sayansi imemshika." Wamama wakanitazama kama mtu ana akili.

Nilishtuka kortini Homa Bay. Mkemia alisimama akaeleza mashine yake, spektrometa ya masi. Alisema inavunja dawa iwe vipande vidogo sana, halafu inapima uzito wa kila kipande. Kila dawa iko na vipande vyake, kama alama za vidole vya mtu. Akasema hata dawa kidogo sana, ile pua yako haisikii kitu, mashine itaiona.

Ile pua yako haisikii kitu! Nikakumbuka ile chupa yangu niliyonusa.

Nilimfuata daktari. Nikamwambia, "Ile chupa haikuwa yako. Yako ilivunjika."

Akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna chupa ingine. Mimi nimeshaapa ilikuwa safi. Unataka tulale ndani wote wawili? Wee msichana, nenda ukafagie."

Na nikaenda nikafagia! Hiyo ndiyo inaniuma kuliko chupa. Chupa ilikuwa haraka yangu tu. Kufagia nilijua.

Leo nilienda kumwona Nyar Kisegi rimandi, nikampelekea sukari na sabuni. Amekonda, mtoto anakohoa mgongoni. Akanishika mkono. "Ero kamano, nyathina, asante mwanangu. Wewe ndiye ulimshika shemeji yangu akikata roho. Mungu akuone." Yaye! Nilitamani sakafu inimeze.

Halafu akaniuliza pole pole, "Nyathina, wewe umesoma. Hiyo mashine yao, inaweza kuona kitu haiko?"

Nikamwambia, "Haiwezi, mama."

Nilimjibu kemia ya darasani, na ilikuwa uongo mbaya kuliko yote nimewahi kusema.

Akapangusa mtoto makamasi. "Basi ni mimi," akasema. "Ile asubuhi nilikuwa nimeosha ng'ombe. Labda sikunawa vizuri. Nimefikiria usiku nyingi, sikumbuki kama nilinawa. Kesho nikipelekwa kwa hakimu nitasema ni mimi. Labda watanihurumia kwa ajili ya huyu mtoto."

Woi! Mwanamke anatafuta dhambi kwa mikono yake, na dhambi iko kwa mikono yangu, imeshika kikapu pale mbele yake! Nilifungua mdomo. Askari wa kike akasema, "Muda umeisha, twende," na mimi nikashukuru muda umeisha. Nikatoka.

Ouma aliuawa na nini? Ukiniuliza sijui. Ziwani watu walikuwa wanahara na kufa wakati ule. Chang'aa pia alikuwa anakunywa. Hata sumu siwezi kuapa hakulishwa. Hakuna mtu atajua tena, kwa sababu kile kingesema niliharibu mimi.

Wewe unayesoma hii, ukipewa kitu cha kupimwa, damu, maji, matapishi, chochote, na chombo kikuharibikie, sema hapo hapo! Tukanwa, fukuzwa kazi, lala njaa, lakini sema. Usiamini pua yako. Na usifikiri mashine itakusahihishia. Ukiipelekea uchafu wako itausoma vizuri sana, na watu wataamini kuliko vile wangekuamini wewe.

Kesho hakimu anaamua kama kesi itaenda Hai Korti. Mama amelia, amesema nikitoka kwa huu mlango nisirudi. Viatu nimeshaviweka karibu na kitanda. Asubuhi nitasimama pale nyuma ya korti ambapo lori ya jela inashusha watu, na Nyar Kisegi akikanyaga chini tu nitamwita kwa jina, hata askari wanipige, nimwambie asikubali, dawa ilitoka kwa chupa yangu. Nimwambie alinawa.