Vitabu vya Kaka

Asubuhi hii jirani amewasha jiko kwa kurasa za daftari, na moshi wake umenirudisha jikoni kwa mama.

Kaka alikuwa amerudi kutoka chuoni akiongea peke yake. Pale kituo cha kupimia majani ya chai, watu walisema amesoma mpaka ubongo ukajaa.

"Lete hizo vitabu zote," mama akaniambia. "Zitanimalizia mtoto."

Nilivibeba kwa kikapu cha kuchumia, nikavitia motoni. Kila kimoja kilipoungua, niliona kama kichwa cha kaka kinapunguziwa mzigo. Chai ikachemka.

Nikaenda kumwita. Alikuwa ameketi shambani, amefungua viganja vitupu mbele ya macho. Alilamba kidole, akafunua ukurasa.

"Ngoja kidogo," akaniambia. "Nimalize hapa."