Siku Nilipompakia Mkwe Wangu Kwenye Lori la Wagonjwa

Nichekeni taratibu, maana hii aibu hata mke wangu akinikumbusha mimi huhamia upande wa pili wa nyumba. Ilikuwa zama za Mwingereza, nami karani wa zahanati yetu ndogo Chiwata (kazi niliyoipenda kwa kuwa ilikuwa hatua arobaini tu kutoka kitandani kwangu). Daktari wa Masasi akaniachia karatasi ya maswali saba ya kuwatambua waliougua huzuni, lori lije liwachukue wakatibiwe. "Ndiyo ngapi zinatosha, amua wewe," akasema, "unawajua watu wako."

Mimi nilikuwa namwaza mmoja tu, jirani yetu Mama Anjela, aliyemzika mwanawe na tangu siku hiyo akawa hali chakula, anakonda tukimwona. Nilipomuuliza alitoa ndiyo mbili tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nikajiambia, nikitaka tatu nitampoteza huyu, nikitaka mbili hasara yake nini, si watajichomeka tu wazima wawili watatu. Nikaweka mbili.

Jamani, swali moja liliuliza kama mtu hukosa usingizi, na ulikuwa msimu wa kukesha shambani kufukuza nguruwe, nani alikuwa analala? Na swali jingine, la kama mtu huzungumza na waliokufa, mzee wa kanisa alinitazama kama mjinga: "Baba Agnesi, kwani wewe huwasalimu wazee wako?" (Nawasalimu.) Basi ndiyo mbili hizo, kijiji kizima.

Lori likaja asubuhi, nafasi sita, watu thelathini na mikeka yao, na mbele kabisa ameketi mama mkwe wangu na kuku wa kumpelekea dada yake huko Mkomaindo, penye hospitali ya Masasi. Dereva akasema, "Karani, washushe wasioumwa." Mkwe nitamshushaje mimi, ambaye hata kumtazama usoni siwezi? Nikasimama naikunjakunja karatasi, watu wakisukumana, na Mama Anjela, aliyekwisha kupanda, akashuka polepole akampisha bibi mmoja. "Waende wazee," akaniambia, "mimi nitangoja tu." Lori likaondoka.

Mke wangu alikuwa ameona yote. "Umetuandika wote," akasema, "umemwacha uliyemtafuta. Toa baiskeli."

Kesho yake nikampakia Mama Anjela. Kwenye mteremko breki zikanisaliti; yeye aliruka akasimama salama, mimi nikaingia kwenye mihogo ya watu, suruali ikachanika nyuma kuanzia mkandani. "Pole, Baba Agnesi," akasema. "Sasa mgonjwa nani?" Akanivulia kanga yake ya juu nijifunge, na hivyo ndivyo nilivyoingia hospitali, nimevaa kanga, na aliyekuwa wa kwanza kuniona barazani ni mama mkwe. "Shikamoo, mama," nikasema, nikitazama chini. "Marahaba, mwanangu. Wewe umepata ndiyo ngapi?"

Mama Anjela alilazwa wiki nyingi, akarudi anakula. Nami tangu hapo, nikipewa karatasi ya kuchagua watu, kwanza najiuliza nani mpole atakayewapisha wengine, naye namketisha mbele kwa mkono wangu mwenyewe. Mkwe simuulizi kitu.