Horomona na Jiwe la Mama Yake

Horomona Paewai alipokuja kuomba kazi kwenye yadi yangu hapa Wairoa, sikumuuliza cheti. Nauza matrekta ya mitumba, waya wa uzio na winchi zilizochoka. Nilimpa nati iliyoshika kutu kuliko zote, akaifungua bila kuvunja kitu. Tukajadili mshahara, akakubali upesi mno, nikajua ana shida.

Shida yenyewe niliisikia ndani ya wiki, maana mji huu haufichi kitu. Ujanani alichukua mkopo wa serikali kusomea misitu, akaacha chuo katikati, akahamia ng'ambo, Australia, kwenye migodi ya Perth. Ukikaa nyumbani mkopo ule hauna riba. Ukihama nchi, riba inaanza, na yeye barua za deni hakuzifungua. Mama yake akafa. Wenzake mgodini wakamtisha kwamba wenye madeni ya chuo hukamatwa uwanja wa ndege. Basi siku tatu za matanga ukoo mzima ulilala kando ya jeneza pale marae, kwenye jumba la mikutano la ukoo, na mwanawe wa kiume hakuwepo.

"Mama kashazikwa ndipo nikawapigia simu watu wa kodi, wanaodai mikopo ile," aliniambia tukila pai nyuma ya trela. "Kashazikwa, bosi! Dada aliyepokea akanipangia nilipe kidogo kidogo, akanitakia siku njema. Simu fupi, ungebandika viazi visingekuwa vimeiva."

Niliendelea kutafuna.

Sasa amerudi nyumbani, alitaka kitu kimoja tu. Kwetu kaburi hukaa kama mwaka, ndipo jiwe lifunuliwe na waliokosa kulia walie. Siku ilishapangwa, Jumamosi ya Pasaka, na Horomona alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba jiwe ni lake kulipia, mtu asiguse.

Nilimpeleka Gisborne kwa Colin Bagnall, fundi wa mawe. Si kwa huruma. Bei ya Colin iliniudhi.

"Hiyo granaiti nyeusi haishuki," Colin akasema.

"Ina mkwaruzo," nikasema.

"Mkwaruzo uko nyuma, wewe."

"Na marehemu yuko upande gani?"

Horomona akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikamuuzia Colin winchi aliyokuwa akiitamani, kwa sharti jiwe lishuke robo. Likashuka.

Kilichoharibu ni herufi mbili. Mtu akianza kazi kwetu humwandikia mwajiri alama yake ya kodi: M, au M SL kama ana mkopo wa chuo, ili akatwe kwenye mshahara. Horomona aliandika M tupu. Hakuwa mjanja, alidhani ule mpango wa Perth bado unaendelea, akiongeza SL atalipa mara mbili. Kumbe ule ulikuwa wa mtu aliye nje. Akishakuwa na kazi nyumbani, deni linapita kwenye mshahara.

Mwezi wake wa pili kazini nikaletewa agizo la watu wa kodi: nimkate senti kumi na mbili kwa kila dola inayozidi kiwango, na tano nyingine za kufidia yaliyopita. Nikamwita ofisini, nikamwonyesha.

"Kwa hiyo jiwe?" akauliza.

"Wapigie simu kwanza."

Akawapigia. Wakakubali kuziondoa zile tano. Kumi na mbili zikabaki, na nyumba ya kupanga, na petroli. Kufika Pasaka angekuwa na nusu ya bei.

"Chukua kwangu," nikamwambia. "Sitaki riba."

"Hapana, bosi."

"Acha ujinga. Colin hangoji mtu."

"Deni ndilo lililonizuia nisimzike. Nimwekee na jiwe la deni?"

"Jiwe halijui limelipwa vipi."

"Mimi nitajua."

Nikampa miaka miwili ya kulipa. Nikampa mitatu. Nikasema basi afanye kazi Jumamosi tuite tumemalizana. Hakusogea hata kidole. Nimewahi kuwauzia watu trekta lisilo na injini, lakini huyu nilishindwa pa kumshikia.

Wiki mbili kabla ya Pasaka dada yake, Mereana, akaingiza gari yadini, hata mlango hakufunga.

"Jiwe liko wapi, we Horomona?"

"Bado kidogo, dada."

"Bado kidogo! Na mimi nilimwambia mama hivyohivyo, siku tatu, kando ya sanduku: anakuja, mama, bado kidogo." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Kaa na pesa zako. Naenda Gisborne."

Horomona hakumfuata. Alisimama ameshika spana mpaka vumbi la gari likatulia.

Siku ya kufunua nilikwenda. Shuka ilipovutwa, majina ya watoto wote yalikuwa yamechongwa, la kwake la pili kutoka juu. Wazee wakamwita aje mbele, asimame karibu. Akatikisa kichwa, akarudi jikoni pale marae kumenya viazi vitamu vya watu mia mbili, na huko hakuna aliyemwona akilia.

Jumanne akaja kazini mapema.

"Jiwe limependeza," nikamwambia.

"Limependeza. La Mereana."

Akavaa glavu, akaenda kushusha waya wa uzio. Alhamisi nikamkata mshahara kama nilivyoagizwa.