Lenzi Mbili na Dada Anayeimba

Mama alikuwa hatembei tena. Miguu ilimwacha mwaka uleule nilipofungua studio yangu ya picha hapa Masisi, chumba kimoja chenye pazia la bluu. Tangu hapo alishinda mlangoni kwake, mlimani, akichambua maharagwe na kumhoji kila aliyepita. Jioni ya Noeli mdogo wangu wa kike angeimba peke yake mbele ya korali ya kanisa, na siku chache baadaye angeteremka Walikale kwa mume wake. Nyumbani Mama alimzoea akiimba kwa sauti ya chini, jikoni. Lakini watu walimwambia kwamba kanisani binti yake ni mtu mwingine kabisa.

"Papa," aliniambia, maana nilibeba jina la baba yake, "uniletee foto yake wakati anaimba. Kinywa wazi, mbele ya batu. Na miye nione."

Nilikuwa na lenzi mbili, nami nilizionea fahari kupita kiasi. Moja ilikuwa ndefu: ilimvuta mtu wa mbali hadi ukahesabu kope zake, ila tundu lake lilikuwa dogo na penye giza haikufaa kitu. Nyingine ilikuwa fupi, ya mdomo mpana. Hiyo ilikusanya hata mwanga kidogo, lakini ilidai umsogelee mtu hatua tatu, na ukikosea kulenga, pua inatoka safi na macho yanapotea.

Siku mbili nzima nilibishana na nafsi yangu. Kanisa letu lina madirisha madogo kwa sababu ya baridi, na kwa Noeli ile tungekuwa na taa mbili tu za petromaksi. Nilifunga pazia nikazijaribu lenzi zote mbili, nikimlenga jirani yangu muuza maziwa.

"Kaka, unachagua lenzi sawa vile bengine banachaguaka bibi," alinicheka.

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Mwishowe nikachukua ile fupi. Hesabu zangu za mwanga zilikuwa sahihi, na hadi leo nazitetea. Watu ndio sikuwapigia hesabu.

Jioni ile nilijibanza kando ya benchi la mbele. Mdogo wangu alipoanza, mimi nilikuwa kazini: taa ya kushoto ina nguvu zaidi, nifungue lenzi hadi mwisho, kasi ya kamera isishuke sana, mkono usitikisike. Kwenye ubeti wa pili nikainuka, nikasogea hatua tatu, nikainua kamera. Akaniona.

Kwetu mtu anayepigwa picha husimama wima, mikono chini, mdomo umefungwa, macho hayapepesi. Mimi mwenyewe niliwafokea wateja miaka yote ili wakae hivyo. Basi mdogo wangu akanyamaza katikati ya neno, akajinyoosha. Nyuma yake korali nzima ikafunga midomo. Mwalimu wa korali akageuka, akafunga kifungo cha koti lake. Waumini nao wakanyamaza kwa heshima, wakisubiri nimalize. Nikabonyeza.

Wimbo ulianzwa upya, akauimba mpaka mwisho. Kila nilipogusa kamera alikaza shingo, kwa hiyo nilirudi benchini, nikakaa nikijilaumu kwa kuiacha lenzi ndefu nyumbani.

Picha ilitoka safi ajabu. Sijawahi kupiga nyingine kama ile penye mwanga hafifu. Nilipompelekea Mama, mdogo wangu alikuwa ameshaondoka. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akacheka kidogo.

"Hii njo foto ya karte didantite, ya kitambulisho, ya korali muzima."

"Nisamehe, Mama."

"Haina neno." Aliiweka mapajani juu ya maharagwe. "Weye ulikuwaka pale. Uniambie basi. Wakati aliimba, ilikuwa namna gani? Batu balifanya nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Ningeweza kumwambia taa ipi ilikuwa na nguvu, na kivuli chake kiliangukia shavu lipi. Nikatafuta sauti ya mdogo wangu kichwani, sikuikuta. Nikatafuta nyuso za waliokuwa wakimsikiliza, sikukuta hata moja. Mama alikuwa akinitazama, anangoja. Niliona aibu kama mtoto aliyekojoa mbele ya wageni.

Nilimwambia aliimba vizuri sana. Hata mtu ambaye hakwenda angeweza kusema hivyo.