Kishimo Kisicho na Damu

Aibu hii huwa siisimulii nikiwa nimeshiba, chakula hakikai, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini msibani simenyi ndizi, haya, sikilizeni, na atakayecheka acheke kidogo.

Ilikuwa ile miaka ya Juliana (ndivyo tulivyouita UKIMWI hapa Bukoba), leo tunazika Kitendaguro, kesho Ijuganyondo. Nilikuwa mpimaji wa damu hospitalini. Asubuhi hiyo nikapita kumpa pole jirani aliyefiwa, kina mama wakanisukumia kisu: "Koku, au wasomi hamshiki ndizi?" Nikaona nimenye kidogo tu nisisemwe, mafuta ya kuzuia utomvu mikononi sikupaka, nikanawa maji matupu na kukimbilia kazini na vidole vyeusi kwa utomvu.

Huko wananisubiri watu wa Kishanda. Ma Stella amejifungua, damu imemwisha, na mumewe Ta Kamugisha amekuja na wadogo zake wawili kumtolea, ila bila kupimwa damu yao hapewi. Kipimo chetu kilikuwa cha rangi: damu unaitia kwenye vishimo vya sahani, mwishoni unaweka dawa ya kidonge iliyoyeyushwa, na penye ugonjwa kimeng'enya cha kipimo kinaigeuza dawa kuwa rangi ya chungwa. Kishimo kimoja kina damu ya mtu asiye na ugonjwa, ya kulinganishia (ilikuwa yangu, na nilivyojivuna!), kingine kinaachwa bila damu. Kidonge cha dawa hakiguswi kwa mkono. Kibanio sikukiona, haraka imenijaa, nikakishika kwa vidole.

Rangi ikaja. Ikaja kila mahali, mpaka kwenye damu yangu! Badala ya kufikiri nikatoka mbio hadi barazani nimejishika kichwa, "Mawe, mama wee, nimekwisha! Na mimi ninao!" mbele ya wagonjwa, manesi na mchungaji aliyekuja kuombea watu. Ta Kamugisha akasimama. "Dada, na sisi?"

"Wote," nikasema, mjinga mimi.

Wadogo zake waliondoka bila kuaga. Yeye akakaa chini sakafuni.

Mkuu wangu, Ma Georgia, akanivuta ndani, akaitazama sahani. "Koku, hiki kishimo hakina damu ya mtu. Nacho kinaumwa?" Kisha akasema, "Hebu mikono." Nikaionyesha. Kumbe utomvu wa ndizi una kimeng'enya chake, na kinaigeuza ile dawa vilevile.

Tukarudia kipimo tangu mwanzo, saa zinakwenda. Ta Kamugisha mzima, ndugu zake wazima, mimi mzima. Lakini ndugu tuliwatafuta mpaka stendi, hawapo. Ma Stella alipata chupa moja tu, ya mumewe, tena imechelewa, na haikutosha. Alikufa jioni ile.

Nilikwenda Kishanda kumzika. Wale ndugu waliambiwa ni wazima wakakataa kuamini, mmoja ameshamrudisha mchumba kwao. Uani kina mama, bila kunijua, wakanipa kisu na mkungu, "Karibu, mwanangu, tusaidiane." Kisu nikakiweka chini nikalia, wakadhani mimi ni ndugu wa marehemu, wakanibembeleza. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli.

Kwa hiyo ndizi simenyi, waseme najidai. Na kazini, kabla sijafungua mdomo, nakitazama kwanza kile kishimo kisicho na damu.